Saladi ya magugu ya bustanini: yapi huliwa mabichi, yapi yapite kwanza kwenye maji ya moto

*"Nina kiwanja kidogo nyuma ya nyumba huku Buswelu, Mwanza. Tangu mvua za vuli zianze, magugu yamezidi mboga nilizopanda: mchicha pori, kishona nguo, mgagani, mnavu, na jingine linalotambaa chini, lenye shina jekundu na majani manene yenye maji. Lipo pia moja lenye maua madogo ya zambarau, linanuka kama beberu, silijui jina. Nimeona kwenye simu watu wanakata magugu, wanaosha, wanatia limao na mafuta, wanakula mabichi. Wanasema ukipika unaua virutubisho. Mama mkwe amekataa katakata, anasema majani ya porini hayaliwi mabichi. Mume wangu alitoa jiwe la figo mwaka jana, na nina mtoto wa miaka 3. Kiangazi namwagilia kwa maji ya mfereji unaopita chini ya kiwanja. Nani yuko sahihi? Na je, tunaweza kupata kichocho kwa kula saladi hiyo?"*

Dada yangu, kwa sehemu kubwa mama mkwe yuko sahihi. Kati ya magugu uliyoyataja, ni hilo moja linalotambaa tu ambalo mtu mzima mwenye afya anaweza kulila bichi na akafurahia. Mchicha pori ukiwa mchanga sana unavumilika kidogo kidogo. Kishona nguo, mgagani na mnavu yanahitaji moto. Hilo lenye maua ya zambarau halifai kuliwa kwa namna yoyote ile, na nitalieleza kwa urefu mbele.

Ila hapo usikate tamaa, maana saladi si lazima iwe mbichi. Majani yaliyochovywa kwenye maji yanayochemka, yakapoozwa, yakakamuliwa na kuchanganywa na nyanya, kitunguu, karanga na limao, ni saladi kamili. Kwa familia yako, yenye mtoto mdogo na mtu mwenye historia ya mawe ya figo, hiyo ndiyo saladi ninayokushauri.

Kuhusu kuua virutubisho, ulichosikia kina ukweli nusu. Vitamini C huharibika kwa moto na huyeyuka ndani ya maji, na foleti, mojawapo ya vitamini B, nayo hupungua. Lakini karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, imefungiwa ndani ya chembe za jani. Moto hulegeza kuta za chembe hizo, na mafuta ndiyo yanayoisaidia karotini kuingia mwilini. Jani bichi lililoliwa bila tone la mafuta linaipitisha sehemu kubwa ya karotini hadi chooni. Chuma na kalsiamu haviungui kwa moto wa jikoni. Vitamini C iliyopotea unairudisha kwa nyanya mbichi na limao utakalokamulia mezani, na vitamini C hiyo hiyo husaidia mwili kufyonza chuma kilichomo kwenye majani. Kinachomaliza mboga kweli ni kuichemsha nusu saa nzima, na magadi. Magadi hulainisha majani magumu, lakini yanaharibu vitamini C pamoja na B1. Kwenye saladi hayana kazi, yaweke pembeni.

Sasa tulitazame hilo linalotambaa. Kwa maelezo yako, yaelekea ni *Portulaca oleracea*. Majina yake ya kienyeji hubadilika kutoka mahali hadi mahali, ndiyo maana natumia la kitaalamu. Usilichume mpaka ulithibitishe kwa mkono wako. Shina ni nono, laini, halina vinyweleo, na rangi yake ni kati ya nyekundu na kahawia. Majani ni manene, yamepana kuelekea nchani, urefu wake sentimita moja hadi tatu, na yamejikusanya kwenye ncha za matawi. Maua ni madogo ya njano, hufunguka asubuhi jua likipanda na kujifunga baadaye. Baada ya ua hutokea kijungu kidogo chenye kifuniko kinachobanduka, na ndani yake mna mbegu nyeusi ndogo sana. Livunje shina. Likitoa maji maangavu, uko salama kwa hatua hiyo. Likitoa utomvu mweupe kama maziwa, litupe na unawe mikono kabla hujagusa macho, kwa sababu umeshika mmoja wa jamii ya mziwaziwa. Baadhi yao hutambaa chini kwa namna ile ile, mara nyingi katikati ya *Portulaca* yenyewe, na utomvu wao huwasha mdomo, tumbo na hasa macho. Majani yao ni membamba na makavu ukiyabana kwa kucha, wakati ya *Portulaca* hupasuka na kulowesha kidole.

Alama ya maziwa isikupotoshe upande wa pili. Mchunga nao hutoa utomvu mweupe, na ni mboga halali ya miaka mingi. Kwa hiyo maziwa hayamaanishi sumu kila mara. Yanamaanisha tu kwamba hilo ulilolishika si *Portulaca*. Kila mmea una alama zake, na hakuna kanuni moja ya utomvu, harufu au ladha inayotenganisha chakula na sumu katika bustani nzima. Wanaosema "ndege akila nawe kula" wanahatarisha watu, kwa sababu ndege hula matunda mengi ambayo kwetu ni sumu.

Ladha ya *Portulaca* ni ya uchachu mwepesi na utelezi kidogo, bila kufikia mlenda. Uchachu huo hubadilika na saa, hasa udongo ukiwa mkavu. Mmea ukikosa maji hufunga vitundu vyake vya kupumulia mchana na kuvuta hewa ya ukaa usiku, ukiihifadhi kama asidi ya maliki. Ukiuchuma alfajiri asidi imejaa, na ukiuchuma jioni imekwisha kutumika na jani limepoa ladha. Kama unataka saladi isiyohitaji limao jingi, chuma asubuhi. Kwa mtu asiyependa uchachu, chuma jioni. Chuma ncha za urefu wa vidole vinne tu, kabla vijungu vya mbegu havijajaa, maana mbegu huleta hisia ya mchanga mdomoni.

Mchicha pori uchume ukiwa na urefu wa sentimita 10 hadi 15, kabla haujatoa suke la maua. Ukiona jozi ya miiba chini ya kila jani, huo ni mchicha wa miiba. Majani yake machanga huliwa, ila yachambue moja moja kwa mkasi, usiyavute kwa mkono. Mchicha una mambo mawili yanayonifanya nipendelee maji ya moto. La kwanza ni oksalati, ambayo huchangia mawe ya figo, nitaigusa kwenye suala la mume wako. La pili ni naitreti. Mchicha uliomea kwenye samadi nyingi au mbolea ya urea, kivulini au baada ya siku za ukame, hujaza naitreti kwenye mashina na vikonyo. Sehemu kubwa hutoka na maji ya kuchemshia, basi maji hayo yamwage, na vikonyo vinene viondoe. Mchicha uliopikwa ukikaa nje ya friji usiku kucha, bakteria hugeuza naitreti kuwa naitraiti, ambayo huzuia damu kubeba hewa vizuri, na watoto wachanga ndio wanaodhurika zaidi. Mwanao wa miaka 3 hana tatizo na mchicha uliopikwa na kuliwa siku hiyo hiyo.

Kishona nguo kisipate muda wa kutoa maua. Jani lake likiwa changa lina harufu kali ya kupendeza, likikomaa linakuwa na ukakasi unaobaki ulimini. Subiri mpaka mche utoe majani yaliyogawanyika vipande vitatu, vyenye meno pembeni. Majani ya kwanza ya mche mdogo mara nyingi hayajagawanyika, na hapo ni rahisi kuchanganya na miche mingine, ikiwemo ile yenye maua ya zambarau. Chovya dakika tatu.

Mgagani hauhitaji maelezo marefu kwa mtu wa Mwanza. Uchungu wake ni mkali ukiwa mbichi, nao huisha kwa kuchemsha dakika 10 hadi 15 na kubadilisha maji mara moja. Maziwa au karanga hufunika uchungu uliobaki, ndivyo bibi zetu walivyofanya na bado ndiyo njia bora. Kwenye saladi weka kiganja kimoja tu cha mgagani uliochemshwa. Ukizidi, hutasikia kingine.

Mnavu ndio ninaoomba usiuonje mbichi kabisa. Majani yake na hasa matunda ya kijani yana glikoalkaloidi, kundi moja na sumu iliyomo kwenye kiazi mviringo kilichogeuka kijani. Sumu hiyo haivunjwi na joto la maji yanayochemka. Kinachookoa ni kwamba sehemu yake hutoka na kuingia kwenye maji, nawe unayamwaga. Kwa hiyo kuuchemsha mnavu kisha kunywa supu yake ni kurudisha ulichokuwa unakiondoa. Chemsha dakika 10 kwenye maji mengi, mwaga, kamua, na usiache tunda la kijani hata moja. Mtu aliyekula mnavu mbichi kwa wingi huumwa tumbo, hutapika, huharisha na kichwa humuuma.

Kwenye eneo hilo hilo la mnavu na mchicha huota mnanaha, *Datura stramonium*. Ukikomaa unajulikana: ua jeupe kama tarumbeta na tunda la kijani lenye miiba. Hatari ni mche wake wa wiki mbili tatu uliojificha ndani ya fungu la mboga. Jani lake lina meno makubwa yasiyolingana, na ukilisugua linanuka vibaya. Chuma mboga jani kwa jani, mmea mmoja kwa wakati mmoja, kila aina kwenye chombo chake. Anayekata kwa panga na kubeba fungu zima ndiye anayeleta mnanaha jikoni.

Nije kwenye kichocho, kwa sababu hofu yako ni ya maana lakini imeelekezwa pasipo mahali pake. Kichocho huingia kupitia ngozi. Konokono wa majini hutoa vijidudu vidogo sana, hasa kuanzia asubuhi jua likiwa limepanda hadi alasiri, navyo hutoboa ngozi ya mtu aliyeingia majini. Vijidudu hivyo huishi siku moja, mara chache mbili, na jani likikauka au likiingia kwenye maji ya klorini vinakufa. Hatari yako ya kichocho iko pale unapoingia mferejini kuchota maji ya kumwagilia, au mtu anaposhuka ziwani kuosha mboga huku maji yamemfika magotini. Ufukweni mwa Ziwa Victoria na visiwani, kinachosumbua zaidi ni kichocho cha tumbo. Kwenye madimbwi na mifereji ya bara, mbali na ziwa, kipo pia kichocho cha mkojo. Vaa gambuti, chota ukiwa ukingoni, na maji yakae siku mbili kwenye pipa lililofunikwa vizuri lisizalishe mbu, huku ukihakikisha hayana konokono.

Ugonjwa ambao kweli hupanda juu ya jani bichi ni mwingine, nao hautajwi sana: minyoo bapa ya ini. Ng'ombe wa kanda ya ziwa wanayo sana. Mchinjaji akipasua ini la ng'ombe mwenye nayo utaona mirija iliyokakamaa, myeupe, na ndani yake kitu bapa kama jani dogo. Mayai hutoka na kinyesi cha ng'ombe, hupita kwa konokono, kisha vijidudu hujigandisha kwenye mimea iliyo ndani ya maji au iliyoguswa na maji hayo, vikiwa na gamba gumu. Kula ini hilo hakukuambukizi minyoo hiyo. Kula jani bichi lenye gamba hilo ndiko kunakoambukiza, na kuosha, siki na klorini haviaminiki kuliondoa. Moto unaua. Ndiyo maana jani lolote lililoota ndani ya mfereji, kwenye tope lake au mahali mfereji unapofurika, lisiliwe bichi hata likiwa safi namna gani kwa macho. Gugumaji la ziwani nalo liache: hunyonya metali nzito kutoka majini.

Maji ya mfereji pia hubeba homa ya matumbo, amiba, na mayai ya minyoo ya tumbo ambayo hukaa hai udongoni kwa miezi mingi. Klorini huua bakteria vizuri, lakini mayai hayo huyawezi kwa klorini. Kwa hiyo tenga sehemu. Kitalu kinachopata mvua au maji ya bomba tu ndicho cha majani mabichi, na kilichomwagiliwa kwa mfereji kiangazi kilichopita ni cha majani ya kupika. Tazama pia nani yuko juu yako. Mwanza ni ya vilima na mawe, na mvua kubwa huteremsha kila kitu kutoka viwanja vya juu, vyoo vya shimo vilivyojaa vikiwemo. Kitalu kilicho chini ya choo cha jirani si cha saladi mbichi. Vivyo hivyo kando ya barabara kubwa, karibu na gereji, jalala, au penye marudio ya dhahabu, yaani mabaki ya mchanga uliokwisha kuchenjuliwa, kwa wasomaji wa upande wa Geita. Mchicha hunyonya risasi na kadimiamu ndani ya tishu zake, na hakuna maji yanayoweza kuziosha kutoka ndani. Muulize jirani lini alipiga dawa ya magugu au ya nyanya. Kama hakumbuki, acha.

Kwa mume wako: mawe mengi ya figo hutokana na kalsiamu kuungana na oksalati ndani ya mkojo. *Portulaca*, mchicha, na lile jani dogo chachu lenye vipande vitatu vya umbo la moyo ambalo watoto hupenda kutafuna, vyote vina oksalati nyingi. Watu wengi hudhani dawa ni kuacha maziwa na dagaa kwa sababu vina kalsiamu. Ni kinyume chake. Kalsiamu inayoliwa pamoja na mboga huikamata oksalati ndani ya utumbo na kutoka nayo kwenye choo, kabla haijafika kwenye figo. Yeye asile *Portulaca* mbichi wala hayo majani chachu. Apate kiasi kidogo cha majani yaliyochemshwa kwenye maji mengi na kumwagwa, mara moja au mbili kwa wiki, pamoja na mtindi au dagaa wanaoliwa wazima na mifupa yao, na anywe maji ya kutosha mpaka mkojo uwe na rangi hafifu kama maji. Mgagani na kishona nguo vimfae zaidi kuliko mchicha. Hata hivyo mawe hayafanani. Kama hospitali ilimpima na kumwambia jiwe lake ni la aina gani, ushauri wao utangulie huu wangu.

Sasa jikoni. Kwa watu wanne chukua gramu 200 za majani ya kuchovya, yaani mchicha pori na kishona nguo yaliyochambuliwa, kama bakuli mbili kubwa zilizojaa bila kushindiliwa. Ongeza gramu 100 za ncha za *Portulaca*, nyanya mbili, kitunguu kimoja, na nusu glasi ya dagaa wakavu waliokatwa vichwa na kukaangwa. Kwa rojo, tumia vijiko viwili vya chakula vya karanga zilizosagwa, viwili vya mafuta ya alizeti, robo kijiko cha chai cha chumvi, na limao moja la kukamulia mezani.

Osha majani katika mabeseni matatu. Yatumbukize, yatikise, kisha yainue kwa mikono na kuyaweka kwenye beseni linalofuata. Usimimine majani na maji pamoja kwenye chujio, kwa sababu mchanga uliozama chini utarudi juu ya majani. *Portulaca* itakayoliwa mbichi iloweke baada ya hapo kwenye maji safi lita 2 yenye kijiko kimoja cha chai cha Jik isiyo na manukato, ile ya asilimia 3.5, kwa dakika tano, halafu isuuze kwa maji yaliyochemshwa na kupoa. Usitie limao wala siki kwenye maji hayo ya klorini, mchanganyiko wake hutoa hewa ya sumu. Na klorini haifanyi kazi kwenye maji yenye tope, kwa hiyo kuosha kunatangulia.

Chemsha lita 3 za maji mpaka yatokote kwa nguvu, kisha tumbukiza majani nusu kwa awamu. Ukiyatia yote kwa mpigo, maji yanapoa na majani yanakaa kwenye uvuguvugu mpaka yanageuka rangi ya majivu. Usifunike sufuria. Majani hutoa asidi inayopanda na mvuke, na ukifunika inarudi chini na kuharibu ukijani. Mchicha utoe baada ya dakika moja na nusu hadi mbili. Uhamishie mara moja kwenye maji baridi yaliyochemshwa, maana maji machafu hapa yanafuta kazi yote ya moto. Kisha kamua kwa viganja mpaka upate donge ambalo halidondoshi. Wengi hawakamui vya kutosha, ndipo saladi inageuka mchuzi. Likatekate donge hilo kwa kisu na ulichambue kwa vidole lisishikane.

Changanya karanga na mafuta kwanza, paka majani, halafu nyanya, kitunguu na *Portulaca*. Chumvi na limao viingie mwisho kabisa, sahani zikiwa mezani. Chumvi huvuta maji kutoka kwenye majani na nyanya ndani ya dakika chache, na limao hugeuza ukijani kuwa kahawia. Dagaa wamwagie juu dakika ya mwisho ili wabaki wakavu. Ladha yake inakaa vizuri sana na ugali wa muhogo, au na sato wa kuchoma. Ikibaki, iingie kwenye friji na iishe siku hiyo.

Mtoto mpe majani yaliyochovywa tu, vijiko viwili vitatu, na asiachwe achume mwenyewe. Mjamzito naye ale yaliyopita kwenye moto, hasa kama paka hutembea bustanini. Ndugu yeyote anayetumia dawa ya kuzuia damu kuganda aina ya warfarin asibadilishe ghafla kiasi cha majani ya kijani anachokula, kwa kuwa vitamini K iliyomo hupunguza nguvu ya dawa. Aongee kwanza na kliniki yake. Na kila mmea mpya kwenu, mle peke yake siku ya kwanza, uliopikwa, kiasi kidogo, ili mwili ukikataa mjue ni nini kilichokataliwa.

Mtu akila majani kisha mdomo ukamkauka, mboni za macho zikatanuka, ngozi ikawa ya moto na kavu, moyo ukamwenda mbio, akaanza kuona au kusema visivyokuwepo, huo ni mnanaha mpaka ithibitike vinginevyo. Mkimbize hospitali saa hiyo, Sekou Toure, Bugando au iliyo karibu nawe, ukiwa na mabaki ya mmea kwenye mfuko. Usimtapishe wala kumlazimisha maziwa. Kuharisha damu, macho kuwa ya njano, au homa isiyoisha yenye maumivu chini ya mbavu za kulia baada ya kula majani mabichi, kunahitaji vipimo. Mweleze daktari waziwazi kwamba mlikula majani mabichi ya bondeni, kwa sababu dawa ya kichocho haitibu minyoo ya ini, ina dawa yake tofauti. Damu kwenye mkojo au choo nayo ipimwe. Na mume wako akishikwa na maumivu ya ubavu yakiambatana na homa, asisubiri asubuhi.

Limebaki lile lenye maua madogo ya zambarau na harufu ya beberu. Hayo ni maelezo ya *Ageratum conyzoides*: majani yana vinyweleo, yamekaa mawili mawili yakielekeana, na maua ni kama vifundo vya nyuzi vyenye rangi kati ya nyeupe, samawati na zambarau. Mmea huu una alkaloidi zinazoharibu ini taratibu. Mlaji haumwi tumbo siku hiyo, anaendelea kula, na madhara hujikusanya. Jimboni Tigray, Ethiopia, ugonjwa wa ini ulioua watu katika miaka ya 2000 ulihusishwa na mmea huu uliochanganyika na nafaka zao. Kuchemsha hakutoshi kuuondolea sumu. Ung'oe kabla haujatoa mbegu, hasa uliomea karibu na kishona nguo.

Ili tusitegemee maelezo ya maandishi peke yake, ng'oa mmea mzima wenye mzizi, majani na maua, ufunge kwenye gazeti, umpelekee afisa ugani wa kata yenu. Akishindwa kuutambua, watafiti wa kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Ukiriguru kule Misungwi wanaweza kuutazama. Fanya hivyo hivyo na ile inayotambaa kabla ya kuila mara ya kwanza, na mchukue mama mkwe muende pamoja, kwa sababu majina ya Kisukuma anayoyajua yatamsaidia afisa kuutambua mmea haraka.